Panya Walipona

Siku ya kuagwa kwangu nilipostaafu, wenzangu wa famasi ya hospitali walipanga viti uani, wakaleta sambusa na soda, na mkuu wa idara akasimama kusema kwamba mimi, Mariama, nilikuwa mtu mpole ambaye hakuwahi kupandisha sauti. Nilishukuru. Nilikula sambusa mbili na kwenda zangu nyumbani Ampisikina, hapa Mahajanga. Nilipofika kwenye kona ya mtaa wetu niligundua kwamba nimekasirika sana. Hotuba haikuwa na kosa; hotuba za kuaga zote hushonwa na fundi mmoja. Kilichoniudhi ni kwamba walitaja yote isipokuwa jambo moja lililotokea katika famasi ile ambalo kweli linastahili kukumbukwa, na vijana waliokaa kwenye vile viti hawajawahi kulisikia.

Basi naandika kwa ajili yao. Sitasema nilipanda cheo lini, maana cheo changu hakikumponya mtu.

Sikuanzia hospitalini. Nilianzia kwenye maua. Sisi ni watu wa Madagaska wenye asili ya Komoro. Nyumbani tulisema Kikomoro, mtaani Kisakalava, na kazini Kifaransa, kila mtu kwa kadiri alivyojaliwa. Mwishoni mwa miaka ya sabini, baada ya zile ghasia za Mahajanga, Wakomoro walipouawa na kuchomewa nyumba, ambazo wazee wetu mpaka leo huzitaja kwa kushusha sauti, baba alitupeleka kisiwani Nosy Be kwa shangazi yetu. Tulivuka kutoka Antsahampano kwenye pantoni iliyobeba ng'ombe, magunia ya saruji na sisi. Ng'ombe walikuwa watulivu kutushinda.

Shangazi alinitafutia kazi kwenye kiwanda kidogo cha mafuta ya mlangilangi. Msimamizi wetu aliitwa Jaovita, Msakalava mwembamba aliyekuwa akiongea kama mtu anayekatwa mshahara kwa kila neno. Siku ya kwanza alinionyesha alambiki, ule mtambo wa shaba wa kuvukiza maua. Maua huchumwa alfajiri, humwagwa ndani, mvuke hupita katikati yake ukabeba harufu, kisha hupozwa, na mafuta yakaelea juu ya maji. Yanayotoka mwanzoni ndiyo mepesi, huenda kwenye manukato ya Ulaya. Yanayotoka mwishoni ni mazito, huenda kwenye sabuni. Kazi yangu ilikuwa kupima uzito wa kila fungu na kudondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Tone la mafuta safi huruka lote. Likiacha doa la grisi, mtu amechanganya mafuta ya nazi, na Jaovita alikuwa akimjua mtu huyo kabla karatasi haijakauka.

Siku hiyohiyo nilikinga mafuta kwa kikombe cha plastiki nikakisahau juani. Nilipokirudia, kitako chake kilikuwa kimelainika kikabonyea. Jaovita alikishika, akakizungusha, akanipa.

"Kinanukia vizuri?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Haya. Kumbe kitu kinaweza kunukia vizuri na bado kikala kikombe."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote ya kemia kwa miaka kadhaa, na sijapata bora zaidi.

Katikati ya miaka ya themanini niliolewa nikarudi Mahajanga. Ghasia zilikuwa zimepita na baadhi yetu tulikuwa tumerudi kimyakimya kwenye mitaa yetu. Hospitali ilikuwa inatafuta mtu wa kutayarisha dawa, anayejua kupima na asiyetetemeka. Mfamasia mkuu aliyenipokea alikuwa Madamu Voahangy, mwanamke wa nyanda za juu aliyelalamikia joto la Mahajanga kila siku ya maisha yake hapa na ambaye hakuhama hata alipoitwa Antananarivo. Yeye ndiye mwalimu wangu. Alinifundisha kusoma kibandiko mara tatu: unapochukua chupa, unapopima, unapoirudisha kabatini. Alinifundisha kutumia ubao wa kujazia kapsuli, unaopanga kapsuli tupu kwenye matundu, ukamwaga unga, ukausawazisha kwa kadi bila kugandamiza. Ukigandamiza, ya kwanza inakuwa dawa na ya mwisho inakuwa hewa. Ubao ule bado upo, kabati la pili. Msiutupe.

Miaka ile dawa zilikuwa adimu. Madamu Voahangy alikuwa akisema tuna kila dawa isipokuwa ile unayoitaka. Na wagonjwa wa kuharisha damu walikuwa wengi. Wote waliandikiwa dawa ya amiba, yule mdudu wa maji machafu, kwa sababu wengi kweli walikuwa naye, na kwa sababu hapakuwa na njia ya kuchungulia ndani.

Soafara alikuwa mmoja wao. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, anakaa Mangarivotra na mama yake, msichana mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watoto kutoka upande wa pili wa uwanja. Alifika kwenye dirisha letu mara nyingi sana hata nikawa namtambua kwa vidole alivyovipitisha chini ya kioo. Kila mara damu, kila mara karatasi ya dawa ya amiba.

"Zoky," aliniita siku moja, kwa lile neno letu la kumwitia dada mkubwa, "hivi hawa amiba hawachoki? Mimi nimechoka."

Nilicheka naye. Alikuwa amekonda. Baadaye alinieleza kwamba alikuwa akifundisha akiwa amesimama mlangoni, ili akibanwa asipoteze muda kupita katikati ya madawati. Watoto walidhani ni mkali anayelinda mlango.

Katika miaka ya tisini hospitali ilipata kamera ya kuchungulia utumbo, na daktari kijana aliyejua kuitumia. Alimchungulia Soafara na hakuona amiba hata mmoja. Aliona utumbo mpana mwekundu, uliojaa vidonda vidogo vinavyovuja damu. Ni ugonjwa wa utumbo kuwaka, akaeleza: mwili unaushambulia utumbo wake wenyewe, unatulia, unarudi, unatulia, unarudi. Hauambukizi. Hauponi kabisa, lakini unaweza kuzuiliwa kwa dawa ukiinywa bila kukatisha.

Soafara alikuja dirishani na karatasi mpya. Hakuwa na mzaha siku ile.

"Kwa hiyo nimemeza dawa za mdudu ambaye hakuwepo. Miaka yote hii."

Nilimpa vidonge vyake vya sulfasalazini, vikubwa, vya rangi ya manjano, nikamwonya kwamba mkojo utabadilika rangi asiogope. Baada ya miezi michache alirudi amenenepa mashavu. Alikuwa ameanza kufundisha akitembea darasani. Akaolewa, akapata mtoto wa kike. Tulianza kutembeleana siku za sikukuu, yeye kwangu Idi, mimi kwake mwaka mpya.

Sasa nifike kwenye mafuta.

Karne mpya ilipoanza, kundi la watafiti kutoka nje lilimtafuta Madamu Voahangy. Walitaka kujua kama mafuta ya harufu ya mimea yetu yanaweza kutuliza utumbo unaowaka. Swali halikuwa la kijinga. Katika misitu mikavu inayozunguka Mahajanga kuna mti uitwao katrafay, na bibi zetu wameloweka magome yake tangu zamani kwa maumivu ya viungo na kwa wanawake waliojifungua. Vidonge vya manjano vilikuwa vinaadimika, na wengine havikuwakubali. Kama jibu lilikuwa linaota porini nje ya mji, tulipaswa kulitafuta.

Madamu alinitazama juu ya miwani. "Mariama, ulisema ulifanya kazi kwenye alambiki."

Kwa hiyo nilirudi kwenye alambiki, ndogo, ya kioo, juu ya meza. Magome ya katrafay hayana ukarimu wa maua. Unachemsha kutwa nzima upate kiasi cha kulowesha kidole. Nilipenda kazi ile kuliko zote nilizowahi kufanya. Watafiti walileta panya weupe, wakawanywesha maji yenye kemikali inayounguza utumbo mpaka wakaanza kuharisha damu, kisha wengine wakapewa mafuta yangu na wengine wasipewe. Sikuwapenda panya, lakini nilikuwa nawaombea.

Panya waliopata mafuta kidogo walipona. Damu ilipungua, manyoya yakalala vizuri, wakaanza kula. Niliitwa kutazama kwenye hadubini vipande vya utumbo wao: wale wasiopata dawa, ukuta umebomoka; wale waliopata, ukuta umesimama. Nilimfikiria Soafara. Lakini panya waliopewa mafuta mengi walilala wasiamke, na maini yao yalikuwa yamebadilika rangi.

Madamu Voahangy alirudia jambo moja mpaka tukaweza kulisema pamoja naye. "Tumewatibu panya tuliowaunguza wenyewe wiki iliyopita. Mgonjwa wetu hakuunguzwa na mtu, na anaumwa kwa miaka." Mpango wake ulikuwa wa polepole. Kwanza, kujua kipimo kisichodhuru ini. Pili, kuyafunga mafuta kwenye kapsuli isiyoyeyuka tumboni, ili yafike utumbo mpana badala ya kuishia kwenye kiungulia. Tatu, wagonjwa wachache waliokubali wenyewe, wakiendelea na vidonge vyao, huku daktari akiwachungulia kwa kamera kabla na baada. Mimi nilikuwa nimeshaanza kujaribu kapsuli. Watafiti walikuwa tayari. Soafara aliposikia alisema atakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Kabla ya hatua hiyo tuliwaeleza watu tulichokipata, kwenye ukumbi wa hospitali. Alikuja Bwana Félicien. Alikuwa mfanyabiashara wa mafuta mwenye viwanda Nosy Be, mtu wa suti nyeupe na tabasamu la kukaribisha, na ni yeye aliyetupa magome ya mwanzo bure. Madamu alieleza yote, pamoja na yale maini. Alipomaliza, Bwana Félicien aliinua mkono.

"Kwa hiyo, Madamu, walipona?"

"Panya walipona, lakini kipimo—"

"Ahsante sana," alisema, akakaa.

Namkumbuka akikunja mguu mmoja juu ya mwingine. Alikuwa amepata alichokifuata. Maneno yaliyobaki ya Madamu hayakumhusu.

Baada ya muda usio mrefu redio ilianza kutangaza chupa ndogo za kahawia. Mafuta ya katrafay na mnanaa, yaliyothibitishwa na maabara ya Mahajanga, yanatibu utumbo: matone kadhaa kwenye asali, asubuhi na jioni. Maabara ya Mahajanga ilikuwa mimi, Madamu, alambiki ya kioo na panya. Madamu alikwenda redioni kukanusha, wakamkaribisha vizuri, wakamrekodi, na wakayatangaza maneno yake mara moja saa ambayo watu wako sokoni. Tangazo la chupa lilirudi jioni, na kesho yake, na keshokutwa.

Mwelewe ujanja wake, maana mtakutana nao tena umevaa suti nyingine. Kuna watu ambao tumbo linawasokota bila kidonda chochote, na hao mafuta ya mnanaa huwalegezea misuli ya utumbo, wakapata nafuu ya kweli. Huo ni ugonjwa mwingine. Bwana Félicien aliyachanganya magonjwa mawili kwenye sentensi moja na mafuta mawili kwenye chupa moja. Mwenye vidonda akiyanywa, msokoto unapungua, na anadhani anapona. Ndani, vidonda vinaendelea kuchimba.

Wakati huohuo vidonge vya manjano vilikwisha hospitalini. Agizo lilikuwa limekwama huko juu, na kila ofisi tuliyoipigia simu ilitutuma kwa nyingine. Madamu alipiga mpaka sauti ikamkauka. Tulipata vidonge vichache kutoka kwa mfamasia wa Antsiranana, tukawagawia wagonjwa nusu ya dozi. Nilimpa Soafara fungu lake kwa mkono wangu.

"Usinywe ile chupa, mdogo wangu," nilimwambia. "Mafuta yale yametoka kwenye alambiki kama yangu. Nayajua. Subiri tuyapime."

"Nitasubiri, Zoky."

Na alisubiri, mpaka fungu likaisha na jingine halikuja na damu ikarudi. Hapo akaenda kwenye duka la Bwana Félicien la hapa mjini, na bahati mbaya siku hiyo mwenyewe alikuwapo. Soafara alimweleza ugonjwa wake kwa jina, kama daktari alivyomfundisha. Hakuficha kitu. Bwana Félicien akamshauri anywe matone mara mbili ya yale yaliyoandikwa, na vidonge vya hospitali hata vikipatikana asivirudie, kwa sababu mafuta ya asili hayapatani na kemikali. Kisha akamsindikiza mpaka mlangoni. Soafara aliniambia alikuwa na adabu sana.

Wiki za mwanzo alijisikia vizuri. Msokoto ulitulia. Vidonge vilipofika hospitalini nilimtumia ujumbe. Akajibu kwamba hana haja navyo tena, amepona, nisikasirike. Nilikwenda Mangarivotra kumwona. Alikuwa anachambua mchele kibarazani, uso umechangamka lakini macho yamekuwa ya manjano pembeni. Nilimwomba. Mama yake alimwomba. Akasema, "Nyinyi mlinipa dawa ya amiba miaka yote ile. Huyu amenipa nafuu kwa wiki moja. Mnataka nimwamini nani?"

Hilo ndilo swali lililonikosesha usingizi, kwa sababu halikuwa la ujinga.

Mwishowe walimleta hospitalini kwenye pikipiki ya magurudumu matatu, amelala mapajani mwa mumewe. Nilikuwa natoka kula nikamwona langoni. Tumbo lilikuwa gumu kama meza, limevimba, na kitenge alichofungwa kiunoni kilikuwa kimelowa. Daktari wa upasuaji alimgusa mara moja tu akaita chumba kitayarishwe. Utumbo ulikuwa umetoboka. Waliutoa wote ule mpana, wakamtolea tundu ubavuni, na kuanzia siku ile haja yake inapita kwenye mfuko unaobandikwa tumboni. Ini nalo lilichukua miezi kutulia.

Alipozinduka nilikuwa nimekaa kando yake. Alipapasa tumbo, akaukuta mfuko, akauacha mkono hapo.

"Nitafundishaje, Zoky?" alisema.

Mifuko ile haipatikani Mahajanga. Ilikuwa inakuja kwa msaada, michache, nayo hutumika mara moja. Soafara alikuwa anaiosha na kuianika nyuma ya nyumba, akaitumia tena mpaka gundi ikakataa. Nilimpikia gundi ya ngozi kwenye famasi, na unga wa kuzuia michubuko. Kanuni yake mnaijua, bado inatengenezwa. Alirudi shuleni. Kwanza wazazi walinung'unika juu ya harufu, kisha wakazoea, au wakaona haya.

Nyinyi mlionijua mpole, hapo ndipo upole wangu uliishia. Nilikuwa naamka nimeuma meno. Nilimchukia mtu yule kwa namna ambayo sijawahi kumchukia hata aliyechoma nyumba ya mjomba wangu, kwa sababu aliyechoma nyumba hakusema kwamba anamtibu.

Mwaka uliofuata tulisikia kwamba Bwana Félicien anafanya hafla Hell-Ville, Nosy Be, kuzindua kapsuli zake mpya mbele ya wageni, wenye mahoteli na wanunuzi wa ng'ambo. Madamu Voahangy aliamua kwenda. Mimi nikamwambia nami nakwenda. Soafara akasema, "Mnakwenda kusema nini, nyinyi wawili? Mtawaambia habari za panya?" Akafunga mzigo wake.

Njia ya kutoka Mahajanga mpaka Antsahampano ni ndefu na mbaya. Kila gari liliposimama tulimzungushia Soafara kitenge amwage mfuko wake, mimi upande huu, Madamu upande ule, mfamasia mkuu wa hospitali amesimama kando ya barabara ameshika pembe ya kitambaa na kulalamikia joto. Kutoka hapo tukavuka kwa boti.

Ukumbi ulikuwa umejaa maua. Bwana Félicien alitutambua, akatukaribisha mbele, kwa adabu ileile. Akazungumza: asili, mababu, sayansi. Kisha akasema, "Na tunao hapa hata Madamu Voahangy mwenyewe, ambaye maabara yake imethibitisha." Watu wakapiga makofi. Madamu alisimama akasema kwa Kifaransa, pole pole, kwamba maabara yake haikuthibitisha kitu kwa binadamu, na kwamba mafuta haya kwa kipimo kinachouzwa yanaweza kudhuru ini. Bwana Félicien akatabasamu kwa masikitiko.

"Wanasayansi ni waangalifu, na tunawaheshimu kwa hilo. Lakini wateja wangu wamepona. Kila mwili na majibu yake."

Hapo Soafara aliinuka. Alizungumza Kisakalava, kwa sauti yake ya uwanjani, na wahudumu walioshika trei wote wakageuka.

"Mimi ni mteja wako. Ulinisindikiza mpaka mlangoni. Unanikumbuka?"

"Mama, tafadhali, tuzungumze pembeni, kuna wageni—"

"Hata mimi ni mgeni. Nimetoka Mahajanga."

Akafungua fundo la kitenge chake, akainua blauzi kidogo, akaushika ule mfuko kwa mkono wake wa mwalimu, kama anavyoshika picha kuwaonyesha watoto wa nyuma.

"Haya ndiyo majibu ya mwili wangu," alisema. "Nani atawatafsiria wageni?"

Hakuna aliyetafsiri, na hapakuwa na haja. Mzungu mmoja aliweka bilauri yake chini. Mama mmoja mhudumu alianza kulia. Bwana Félicien alitazama sakafu, na katika maisha yangu hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona hana uso wa kuvaa. Soafara alisimama hivyo mpaka alipotosheka, akafunga fundo lake, tukatoka.

Ningependa kuwaambia kwamba alifungwa. Hakufungwa. Wakaguzi walikuja wakachukua chupa, kapsuli zikatoweka kwenye maduka, na baada ya muda mafuta yaleyale yakarudi na kibandiko kipya: ya kufukiza nyumba. Alikufa tajiri, kitandani kwake, na mtaa mmoja ulifungwa kwa ajili ya magari ya mazishi.

Lakini sikilizeni lile lililo baya zaidi, ambalo halikupigiwa kelele na mtu. Wale watafiti walijitoa. Jina la katrafay lilikuwa limeshaingia kwenye kashfa. Hakuna aliyetaka jina lake lisimame karibu nalo. Hakuna mgonjwa aliyewahi kupewa kapsuli zetu chini ya macho ya daktari. Panya wale walipona kweli. Nililiona kwa macho yangu, kwenye hadubini. Huenda ndani ya magome yale kuna kitu ambacho kingemsaidia Soafara kabla ya kisu. Huenda hakuna. Mtu yule aliuza jibu kabla swali halijaulizwa, na baada yake hakuna aliyekubali kuliuliza. Alimtoa mwanamke utumbo, kisha akaziba njia nyuma yake kwa wengine wote.

Siku watafiti walipopiga simu ya mwisho, Madamu Voahangy alivunja alambiki ya kioo vipande vipande kwa utaratibu. Simaanishi kuipasua; aliifungua kiungo kwa kiungo, akaosha kila bomba, akakausha, akafunga kwenye magazeti. Nilimsaidia. Alistaafu, akarudi nyanda za juu kwenye baridi aliyoitamani, na huko akafariki. Soafara yupo. Naye amestaafu, ana wajukuu, na mifuko siku hizi inapatikana kidogo. Tulipoonana Idi iliyopita alinikataza kuandika jina lake halisi, nami nimemtii.

Mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja mama mmoja dirishani na binti yake wa sekondari, mwembamba, amejikunja mkono tumboni. Walikuwa wametoka kwa daktari wa kamera. Nilisoma karatasi, nikaleta vidonge, nikaanza kueleza: kila siku, usikatishe hata ukijisikia vizuri. Mama akanikatiza.

"Watu wanasema katrafay inatibu ugonjwa huu. Inatibu au haitibu?"

"Sijui, mama."

Alinitazama usoni, akatazama kibandiko cha jina kifuani pangu, akatazama nywele zangu.

"Umekaa hapa tangu sijazaliwa, na hujui?"

"Sijui. Hakuna anayejua. Tulikuwa tumekaribia kujua."

"Na nini kilitokea?"

Nyuma yake foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nilimwambia kwa kifupi kadiri nilivyoweza. Alisikiliza akiwa amekaza midomo. Kisha akakunja vidonge kwenye leso yake, hakunishukuru, akamshika binti mkono, na alipofika uani alipaza sauti kila mtu asikie: "Mti uko pale nje! Panya wamepona! Na watoto wetu hakuna aliyewapimia!"

Wenzangu walitaka mlinzi aitwe. Nilimkataza. Nilisimama dirishani nikamsikiliza mpaka alipotoka getini, akiendelea kupiga kelele barabarani, na nilitamani asinyamaze.